Barabara, Bomba na Reli

Wasomaji wetu, katika vijiji vyetu mtu aezekapo nyumba yake majirani huja kumsaidia. Huyu huleta nyasi, huyu huleta kamba, na huyu hupanda juu ya paa. Mwenye nyumba hamwulizi mtu, "Umekuja kwa nini?" maana kuuliza hivyo ni utovu wa adabu. Lakini moyoni anajua vema kwamba mmoja amekuja kwa upendo, mwingine amekuja kwa kuwa mwezi ujao naye ataezeka, na mwingine labda ana neno la mpaka wa shamba analotaka asikilizwe. Wote wamefanya kazi, na nyumba imeezekwa. Mvua ikija ndipo itakapojulikana kama paa ni zima, na kama mwenye nyumba alijifunza kuezeka au alikaa kutazama tu.

Mambo ya mataifa hayako mbali na hayo. Mataifa makubwa yanaposhindana hayashindani kwa bunduki tu. Hushindana pia kwa mikopo, kwa waalimu, kwa madaraja na kwa reli, kila moja likitaka kupata marafiki wengi kuliko mwenzake. Nasi tulio wadogo hupokea. Basi twataka leo kueleza habari moja iliyotokea katika nchi zetu wenyewe, tupate kuona jinsi mataifa hayo yalivyotofautiana katika kutafuta marafiki, na yatupasa kutazama nini tunapopewa zawadi.

Mtu asafiriye kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia ana mambo matatu ya kutazama njiani. La kwanza ni barabara kuu ipitayo Morogoro, Iringa na Mbeya hata Tunduma. La pili ni bomba la mafuta lililofukiwa ardhini, lenye urefu wa kilomita 1,710, liendalo mpaka Ndola. La tatu ni reli, ambayo watu waliiita Reli ya Uhuru, na jina lake la kazi ni TAZARA. Urefu wake ni kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi. Bomba lilijengwa na Wataliani. Barabara ilijengwa kwa mikopo ya Marekani, ya Benki ya Dunia na ya Sweden. Reli ilijengwa na Wachina. Haya yote yalifanyika katika muda usiozidi miaka kumi. Kwa nini nchi mbili maskini zilipata ghafula rafiki wengi namna hii?

Sababu yake ni hii. Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 ilikuwa nchi tajiri kwa shaba, lakini haina bahari. Shaba yake ilitoka hasa kwa reli ya kusini, kupitia Rhodesia ya Kusini, ambayo sasa ni Zimbabwe, na kufika bandari za Msumbiji zilizokuwa mikononi mwa Wareno. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, chini ya Ian Smith, walijitangazia uhuru wao wenyewe ili watu weusi walio wengi wasipate kutawala. Zambia ikajikuta kama mtu ambaye mlango wa nyumba yake uko katika ua wa adui. Mafuta yalikatwa mwezi wa Desemba. Yakaletwa kwa ndege, na kwa malori yaliyobeba mapipa katika njia ya udongo kutoka Dar es Salaam. Njia ile iliua watu wengi, hata madereva wakaiita Njia ya Jehanamu.

Hata kabla ya hayo Rais Kaunda na Rais Nyerere walikwisha kuomba reli. Waliomba kwanza kwa mataifa ya Magharibi, maana ndiyo waliyoyazoea. Mwaka 1964 wataalamu wa Benki ya Dunia walilitazama jambo hilo, wakajibu kwamba mizigo haitatosha kuilipa gharama ya reli, na kwamba yafaa zaidi kuitengeneza barabara. Uchunguzi mwingine wa mwaka 1966, uliofanywa kwa fedha za Uingereza na Kanada, ulisema kwamba reli yaweza kufaa, lakini hakuna serikali ya Magharibi iliyotoa fedha. Hatusemi kwamba watu hao walikuwa wabaya. Walihesabu kama mwenye duka ahesabuvyo: nitatoa kiasi gani, na nitarudishiwa kiasi gani? Lakini Zambia haikuwa ikiuliza habari za faida. Ilikuwa ikiuliza habari ya pumzi.

Tena katika mwaka ule ule wa 1965 Tanzania ilifundishwa somo jingine. Wakati huo Ujerumani ilikuwa imegawanyika, Magharibi na Mashariki, na ile ya Magharibi ilitaka mataifa yaitambue yenyewe tu. Ujerumani ya Mashariki ilikuwa na ubalozi Zanzibar tangu mapinduzi ya 1964. Baada ya Muungano, Nyerere alitaka kuwaridhisha wote: ubalozi wa Zanzibar ufungwe, na Ujerumani ya Mashariki iwe na ofisi ndogo tu Dar es Salaam. Ujerumani ya Magharibi haikuridhika. Ikawaondoa mara moja askari wake waliokuwa wakifundisha wanamaji na wanahewa wetu. Nyerere alipoona hivyo akasema kwamba kama msaada ni kamba ya kumfungia mtu shingoni, basi wachukue na msaada wao mwingine wa serikali uliosalia. Mwezi wa Desemba mwaka huo Tanzania ikavunja urafiki wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni 7,500,000 uliokuwa umekwisha kukubaliwa ukazuiwa. Hivyo katika mwaka mmoja nchi changa ikapoteza misaada miwili, wala si kwa kuiba wala kwa kutolipa deni, ila kwa kusema neno lisilompendeza mkubwa.

Hapo ndipo Wachina walipoingia. Nyerere alikwenda Peking mwezi wa Februari 1965, akaambiwa kwamba China iko tayari kusaidia reli. Kaunda alisita, maana aliwaogea Wachina kwa habari alizozisikia; lakini mwaka 1967 naye alikwenda, na tarehe 5 Septemba 1967 serikali tatu zikatia saini huko huko Peking. Mwezi wa Julai 1970 wakapatana juu ya mkopo: yuan 988,000,000, bila riba, nao ulipwe katika miaka 30. Kazi ilifunguliwa mwezi wa Oktoba mwaka huo. Tukumbuke kwamba China yenyewe wakati ule ilikuwa nchi maskini. Watu walistaajabu: maskini anamkopesha maskini!

Namna yao ya kufanya kazi ilikuwa tofauti na ile tuliyoizoea. Waziri wao mkuu, Zhou Enlai, alipozunguka Afrika mwanzoni mwa 1964 alikuwa ametangaza kanuni nane za misaada yao, na moja ilisema kwamba mtaalamu atakayetumwa ataishi kama wataalamu wa nchi anayoisaidia, wala hatadai anasa. Wazee waliofanya kazi ile walisimulia jinsi walivyowaona mafundi wa Kichina wakilala kambini, wakilima mboga zao, na kushika sururu kwa mikono yao. Katika miaka ya kazi kubwa walikuwako Wachina zaidi ya 10,000, pamoja na Watanzania na Wazambia zaidi ya 30,000. Sehemu iliyokuwa ngumu kupita zote ni ile kati ya Mlimba na Makambako, penye milima mikali, mabonde na matope. Reli nzima ilihitaji madaraja 320 na mahandaki 22. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi ile, na makaburi yao yako Gongo la Mboto, karibu na Dar es Salaam. Nao Waafrika waliokufa walikuwa wengi, na wengi wao hawana kaburi linalotembelewa na wageni. Kazi ilikamilika mwaka 1975, kabla ya wakati uliopangwa, na reli ikakabidhiwa rasmi tarehe 14 Julai 1976.

Na Marekani je? Marekani haikutaka reli, lakini haikutaka pia kukaa kando na kuwaachia Wachina njia yote. Ikakopesha fedha za barabara. Desturi yake ilikuwa nyingine kabisa. Kwanza wahandisi walipima na kuhesabu. Kisha makampuni yakaitwa yashindane kwa bei. Kampuni iliyoshinda ikaleta mitambo mikubwa na watu wachache, ikafanya kazi, ikalipwa, ikaenda zake. Barabara ya lami ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya reli. Ilikuwa barabara nzuri, nayo iliokoa maisha ya madereva wengi. Lakini hatujasikia wimbo wa shule juu yake. Reli iliimbwa, barabara haikuimbwa. Huenda ni kwa kuwa mtu humkumbuka aliyekula naye kuliko aliyemlipa.

Sasa tusije tukadanganyika. Msomaji aweza kusema, "Basi Mchina alitupenda, na Mzungu alitaka faida." Mambo hayakuwa mepesi hivyo. China nayo ilikuwa na haja zake. Wakati ule haikuwa na kiti katika Umoja wa Mataifa. Kiti cha China kilikaliwa na serikali iliyokimbilia kisiwa cha Taiwan. Tena ilikuwa imegombana na Urusi, ikawa imebaki peke yake. Ilihitaji marafiki, na Afrika ilikuwa na kura nyingi. Tarehe 25 Oktoba 1971, reli ikiwa bado inajengwa, mataifa yalipiga kura juu ya kiti hicho, na China ikashinda kwa kura 76 dhidi ya 35. Tanzania na Zambia zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoleta shauri lile. Hatusemi kwamba kura zetu zilinunuliwa kwa reli, maana Tanzania ilitaka haki ya China hata kabla reli haijaanza. Lakini aliyejenga alijua alichokuwa akijenga.

Iko na habari ya maduka. Mishahara ya wafanyakazi wa Kiafrika na gharama nyingine za hapa zilihitaji fedha za hapa. China ikaleta bidhaa zake, vitambaa, mabakuli, vifaa vya nyumbani. Serikali zetu zikaziuza madukani, na fedha iliyopatikana ikatumika katika kazi. Kwa njia hiyo mwanamke wa kijijini aliyenunua sufuria ya Kichina alikuwa akichangia reli bila kujua. Ni hila njema, lakini viwanda vichanga vya hapa vililazimika kushindana na bidhaa hizo. Kila njia ya kusaidia ina mzigo wake. Wa Magharibi waliweka mzigo wao mbele, katika masharti na hesabu. Wachina waliuweka nyuma, katika deni la shukrani. Kubeba ni kubeba tu.

Basi, baada ya wenyeji kukabidhiwa reli, ilikuwaje? Hapa ndipo penye moyo wa habari yetu.

Reli ilijengwa iweze kuchukua tani 2,000,000 kwa mwaka, wala haijapata kufika kiasi hicho. Vichwa vya gari vilivyoletwa kwanza havikuwa na nguvu ya kutosha katika milima ile. Bandari ya Dar es Salaam ilijaa mizigo hata ikashindwa kuiondoa upesi. Mwezi wa Oktoba 1978 Kaunda alilazimika kufungua tena njia ya kusini, kwa sababu mbolea ya wakulima ilikuwa imekwama na msimu ulikuwa unapita. Jambo hili lilimwuma sana, maana reli ilijengwa ili asiitazame tena njia ile. Mwaka uliofuata, Oktoba 1979, askari wa Rhodesia walilipua daraja la reli juu ya mto Chambeshi. Katika miaka ya 1980 reli ikanunua vichwa vyenye nguvu kutoka Ujerumani ya Magharibi, nchi ile ile iliyoondoka kwa hasira mwaka 1965. Na Wachina nao wakaombwa warudi kusaidia kuiendesha. Uhasama wa wakubwa ulikuwa umekwisha kubadilika, lakini injini bado iliharibika.

Tusiwalaumu wageni tu. China ilikuwa imechukua vijana wetu karibu 200 ikawafundisha kazi ya reli huko Peking tangu 1972, na karakana zilijengwa Dar es Salaam na Mpika. Mbegu ilipandwa. Lakini serikali mbili zilizokuwa wenye mali kila moja ilingojea mwenzake atoe fedha. Vipuri havikununuliwa kwa wakati. Kisha Afrika Kusini na Msumbiji zikapata amani, njia za kusini zikawa wazi, na malori yakazidi kuichukua mizigo kwa barabara ile ile isiyoimbwa. Mwaka wa hesabu wa 2014/15 mizigo ya reli ilishuka chini ya tani 100,000. Reli iliyojengwa kwa jasho la watu zaidi ya 40,000 ikawa ikipita mizigo michache kama njia ya shamba.

Na sasa mashindano yamerudi, maana ulimwengu una njaa ya shaba kwa ajili ya magari na mitambo ya umeme. Upande wa magharibi iko reli ya zamani itokayo bandari ya Lobito, katika Angola, kupita zaidi ya kilomita 1,300 hata mpaka wa Kongo. Vita vya Angola viliifunga mwaka 1975. Baadaye Wachina waliijenga upya, wakaimaliza mwaka 2014. Lakini mwaka 2023 ilikabidhiwa kwa makampuni ya Ulaya waiendeshe miaka 30, na Marekani ikaahidi mkopo wa zaidi ya dola 500,000,000. Rais wake Joe Biden alifika Lobito mwenyewe mwezi wa Desemba 2024. Upande wa mashariki, mwezi wa Septemba 2025, Tanzania na Zambia zilitia saini na kampuni ya Kichina iifufue TAZARA na kuiendesha miaka 30, kwa ahadi ya dola 1,400,000,000.

Angalieni jinsi mambo yalivyogeuka. Marekani, ambayo zamani ilisema reli haina faida, sasa yakopesha fedha za reli. China, ambayo zamani ilikopesha bila riba na kuwaachia wenyeji mali yao, sasa yaja na kampuni itakayoendesha reli na kurudisha fedha zake. Wakubwa wamebadilishana mavazi. Kwa hiyo mtu asijifunge kwa mmoja akisema, "Huyu ndiye mwema daima." Taifa halina tabia moja milele, lina haja, na haja hubadilika.

Basi yatupasa kutazama nini? Sisi twaona maswali matatu. La kwanza: tuliomba wenyewe kitu hiki, au tuliletewa? Reli ile, pamoja na mashaka yake yote, tuliiomba sisi, nayo iliipa Zambia pumzi katika miaka ya hatari. La pili: je, tukisema neno la haki lisilompendeza mtoaji, zawadi itaondolewa? Mwaka 1965 tulijibiwa swali hilo. La tatu, nalo ndilo kubwa: kikiharibika, nani atakitengeneza, na fedha ya kipuri itatoka wapi?

Swali la tatu halihusu Marais peke yao. Katika kijiji kimoja tunachokijua wageni wema walichimba kisima wakaweka pampu ya mkono. Siku ya kufungua watu walicheza ngoma. Baada ya miaka miwili ngozi ndogo iliyo ndani ya pampu ililika. Kipuri chenyewe hakikuzidi bei ya kuku wawili. Lakini hakuna aliyekuwa amefundishwa kukibadilisha, wala hakuna aliyekuwa amekusanya senti kwa ajili yake. Wanawake wakarudi mtoni na madumu yao, wakipita kando ya pampu kila siku. Wengine walisema, "Tumwandikie mfadhili." Mzee mmoja akawajibu, "Na mkono wa mfadhili ndio utakaoteka maji?" Kijana mmoja, fundi wa baiskeli, aliaibika kwa neno lile. Akaifungua pampu, akaiona ngozi, akakata nyingine katika mpira wa gurudumu. Haikudumu sana, lakini maji yalitoka, nao wakaanza kuchanga.

Waliotia saini mwaka 2025 walitia kwa niaba yetu, na miaka 30 si mingi. Watoto walio darasani leo ndio watakaokuwa watu wazima siku mkataba utakapokwisha, na reli itakapowekwa tena mikononi mwa wenyewe. Siku hiyo haitaulizwa ni taifa gani kubwa lililotupenda zaidi. Gari litakuwa limesimama Makambako au Mpika, na abiria watatazama nje kuona ni nani anayekuja na spana mkononi.